Maji ya Kisima cha Nne

Nidelvia Bórquez alipeleka chupa ya maji yaliyosafishwa ya kisima cha nne kwenye maabara ya mjini kwa sababu ya kazi ya darasani tu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kila Jumamosi alisafiri hadi mji wa Hermosillo kusomea stashahada ya upimaji wa maji, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili bila cheti. Mwalimu aliwaambia wachague kitu kimoja ambacho mtambo wao wa maji haupimi, wakipime kwingine, kisha waandike kurasa sita. Nidelvia akachagua bromati. Mwalimu alikuwa ameitaja wiki ile: chumvi ya bahari huwa na bromidi ndani yake, na bromidi ikikutana na ozoni, gesi ya kusafishia maji, hugeuka bromati, kitu kisicho na rangi, harufu wala ladha, kinachoshukiwa kuleta saratani kwa mtu anayekinywa miaka mingi. Kwa hiyo mtambo wa ozoni ulio karibu na bahari hauna budi kuipima.

Mtambo wa kwao, Estero Hondo, ulitumia ozoni. Na bahari, kila mkulima alijua, ilikuwa inaingia visimani mwaka hadi mwaka. Mashamba ya ngano yalivuta maji mengi mno, na bahari ikaja kujaza nafasi.

Maabara ilimpigia simu Jumatano asubuhi. Nidelvia alikuwa kazini anasuuza chupa za sampuli.

"Dada Nidelvia? Jibu lako la bromati limetoka. Nikutumie au nikusomee?"

"Nisomee tu, kalamu ninayo."

"Arobaini na saba."

Nidelvia akacheka. "Nne nukta saba."

"Hapana, dada. Arobaini na saba. Nukta haipo."

Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu kumi kwa lita. Nidelvia aliiandika ile namba kwenye kiganja chake, ingawa karatasi ilikuwa mbele yake.

"Mmerudia kupima?"

"Mara mbili. Lakini usiogope sana, yameshuka. Yale ya kwanza yalikuwa sitini na moja."

"Ya kwanza yapi?"

"Si ya mtambo wenu? Nayaona hapa kwenye kompyuta. Estero Hondo, kisima cha nne, Februari, miaka mitatu na ushei iliyopita. Aliyaleta Injinia Eleazar Corella kwa mkono wake na akaja kuchukua majibu mwenyewe." Yule msichana wa maabara akashusha sauti. "Kwani wewe hufanyi kazi naye?"

"Nafanya naye," alisema Nidelvia. "Asante, mdogo wangu." Akakata simu, na ule mfereji aliouacha wazi ukaendelea kumwaga maji mpaka sinki likafurika.

Huyo Injinia Corella, mkuu wa mtambo, ndiye aliyemkuta akiwa mfagiaji. Nidelvia alikuwa amefiwa na mume, ana mtoto wa miaka miwili, na alifagia ofisi za mtambo wa zamani kabla ya mafundi kufika. Siku moja injinia alimkuta amesimama mbele ya kipimo cha klorini, anaisoma sindano kwa sauti ndogo. Badala ya kumfukuza, akamvutia kiti. Akamfundisha kuchukua sampuli bila kugusa mdomo wa chupa, kusoma rangi, kuandika kwa wino na kutofuta kamwe. Alimtafutia kanuni za maji akamnunulia na miwani ya kuzisomea. Binti wa Nidelvia, Yaretzi, alipobatizwa kwa kuchelewa, injinia ndiye aliyesimama naye kanisani kama padrino, baba yake wa ubatizo, na tangu siku hiyo wakaitana komadre na kompadre, kama waitanavyo watu waliounganishwa na mtoto mmoja. Kama ungemuuliza Nidelvia ni mtu gani duniani asiyeweza kumdanganya, angemtaja huyo kabla hujamaliza swali.

Na ndipo, akiwa bado ameshika simu, akaukumbuka mkutano wa Aprili.

Mkutano ule ulifanyika miezi miwili baada ya ile Februari. Maji ya zamani yalinuka mayai yaliyooza na yalikuwa na dawa za mashambani, hilo lilipimwa likathibitika, na mtambo mpya wa ozoni ulikuwa tayari, ukijaribiwa tangu Februari. Lakini watu waliogopa. Walisema ni maji ya umeme, yatawatoa nywele, yatawaua kuku. Ukumbi wa ushirika wa wakulima ulijaa hadi madirishani, na kura ilikuwa inaelekea kukataa. Injinia akajaza glasi kutoka bomba jipya, akamwita Nidelvia mbele, akampa. Nidelvia akanywa yote. Kisha akasema, kwa sauti iliyotetemeka kwa sababu hakuwahi kuzungumza mbele ya watu: "Jioni nampa binti yangu."

Kura ikapita. Na baada ya hapo yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, akiwashawishi waache kununua maji ya madumu.

Sitini na moja. Injinia alikuwa na namba hiyo mfukoni siku ile, akaijaza glasi, akampa.

Alimkuta injinia ofisini, feni inapepea karatasi, amefungua chakula chake cha mchana: tortilla za ngano, nyembamba kama chapati, zilizoviringishwa na nyama kavu ya kusagwa. Akakata moja katikati, akamsogezea nusu.

"Kaa, komadre. Una uso wa mtu aliyekanyaga nyoka."

"Kisima cha nne kina bromati arobaini na saba."

Hakuuliza bromati ni nini. Hakuuliza nani amepima. Aliweka tortilla chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja, na Nidelvia akajua hapo hapo kwamba hakuna haja ya kuuliza swali la pili. Hata hivyo akaliuliza.

"Ulijua?"

"Funga mlango."

"Ulijua, kompadre?"

"Nilijua." Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo. "Sasa nisikilize, kwa sababu wewe una akili na utanielewa. Walikuwa wanakunywa dawa za mashambani. Watoto wanakunywa, wajawazito wanakunywa. Ozoni inaiua dawa ile, hilo umelipima mwenyewe. Ningesimama pale niseme, ndugu zangu, mtambo huu unaondoa sumu moja na kuzaa nyingine ndogo, nani angepiga kura? Fedha za serikali zingerudi zilikotoka, na leo tungekuwa bado tunakunywa sumu kubwa. Nilikusudia kurekebisha mwaka wa kwanza. Kufunga kisima cha nne, kupunguza ozoni, kuongeza amonia kidogo. Bajeti haikuja. Mwaka wa pili nao haikuja."

"Ukanyamaza."

"Mimi nayanywa, komadre. Kila siku, mbele ya macho yako. Mke wangu anayanywa."

"Wewe ulichagua kuyanywa. Mimi ulinichagulia." "Kwa nini mimi? Ukumbi mzima ule, mafundi wamejaa, mwenyekiti yupo. Kwa nini glasi ulinipa mimi?"

Injinia alitazama feni. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema kweli katika mambo madogo, alijibu.

"Kwa sababu wewe wanakuamini. Mimi ni mtu wa kuja, wa kuvaa suti. Wewe ni binti wa hapa, mjane, huna unachokitafuta. Na usingeweza kuigiza, Nidelvia. Ungejua, wangekuona usoni."

Nidelvia akasimama.

"Nitawaambia watu Jumapili, ukumbini."

"Komadre, fikiri kwanza." Sasa sauti yake ilibadilika, haikuwa kali, ila iliingia ndani zaidi. "Fomu za kila mwezi ni thelathini na tisa. Chini ya kila moja imeandikwa vipimo vyote vimo ndani ya kiwango. Saini ya nani?"

Fomu ya kwanza injinia ndiye aliyeichora, kwa rula, juu ya meza hii hii. Mstari wa klorini, wa nitrati, wa chumvi, wa dawa za mashambani. Mstari wa bromati haukuwepo. Nidelvia alikuwa amezijaza kwa mwandiko mzuri kuliko wote alionao.

Kabla ya Jumapili alikwenda nyumba moja tu, ya doña Tránsito. Mama huyu alipika tortilla pana kama ungo na kuziuza asubuhi kwa nusu ya mji. Alikuwa wa mwisho kuacha maji ya madumu, na aliacha kwa sababu Nidelvia alikaa jikoni kwake siku tatu akimwelezea. Sasa mkwewe alikuwa na mtoto wa miezi mitano, anakunywa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji ya bomba.

Nidelvia alimweleza akiwa amesimama. Doña Tránsito alisikiliza huku anatandaza unga mkononi, na mikono haikusimama.

"Nitachemsha basi," alisema.

"Kuchemsha hakuiondoi, doña Tránsito. Maji yakipungua, yenyewe inabaki."

"Itatuua?"

"Si sumu ya leo na kesho. Ni ya miaka. Huenda isimdhuru yeyote. Lakini imezidi karibu mara tano, na mtoto asipewe tena. Nunua ya madumu, mpaka nikuambie..." Akajisikia anavyosema, akanyamaza.

"Mpaka uniambie," alirudia doña Tránsito. Hapo mikono ikasimama. "Ulikuwa unajua, mwanangu?"

"Naapa sikujua. Yaretzi wangu anayanywa."

"Ulikuja hapa siku tatu. Ulikalia kigoda kile. Ulisema, doña Tránsito, nimeyapima kwa mikono yangu."

"Nilipima nilichofundishwa kupima."

"Basi huo ndio uongo wenyewe, hata kama hukuutunga wewe." Akachukua sufuria la maji lililokuwa mekoni, akaenda kulimwaga uani, juu ya vumbi. Aliporudi hakukaa. "Nenda, Nidelvia. Sina hasira na wewe. Ila sijui sasa nikikutazama nitazame nini."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ya injinia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuyawaza juu ya mtu mwingine, wala hakuweza kuyapinga.

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa tena. Nidelvia alisoma namba kutoka karatasi ya maabara, akaeleza inatoka wapi, akasema kisima cha nne kifungwe leo hii. Kisha akasema kwamba Injinia Corella amelijua jambo hili tangu kabla ya kura.

"Una karatasi ya hilo?" aliuliza mwenyekiti.

Hakuwa nayo. Maabara ilikuwa imekataa kumpa majibu ya mteja mwingine, na yule msichana wa simu alikuwa ameonywa.

Injinia alisimama. Hakupandisha sauti; alionekana mwenye huzuni hasa, na pengine alikuwa nayo.

"Ndugu zangu, namba aliyoisoma komadre wangu inanitisha kama inavyowatisha. Tutaishughulikia kesho asubuhi. Lakini kupima ni kazi ya maabara ya mtambo, na maabara hiyo ni yake. Fomu hizi hapa, thelathini na tisa. Zipitisheni, msome saini. Simlaumu. Hakuwa na cheti, nilimpa kazi ile kwa huruma, kwa ajili ya mtoto. Kosa langu ni huruma."

Fomu zikapita mkono kwa mkono. Nidelvia alimtazama mtu yule aliyemvutia kiti miaka kumi na miwili nyuma, akajaribu kuona kama hata ile siku ya kiti ilikuwa huruma. Bromati ingeweza kuondolewa kwenye maji. Huruma ile haikujulikana ianze kuondolewa wapi.

"Ulikunywa mbele yetu!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Hebu tuambie, ilikuwa tamu?"

"Mke wangu mjamzito alikuamini wewe, si yeye!"

Nidelvia alisubiri kelele zipungue. Zilipokataa kupungua, alipaza sauti kuzishinda: "Saini ni yangu. Sikatai. Fungeni kisima." Akatoka.

Kisima kilifungwa Jumanne. Wakaguzi walifika kutoka mjini wiki iliyofuata, wakachukua sampuli zao, wakapata arobaini na nne. Ozoni ikapunguzwa nusu, yakaletwa matangi ya makaa maalumu ya kunasa dawa za mashambani, na kufikia Novemba namba ilishuka hadi nane. Juu ya nani alijua nini na lini, wakaguzi waliandika sentensi moja: kumbukumbu hazitoshi. Injinia Corella alihamishiwa bandari moja ya kusini, kusimamia ujenzi wa mtambo mpya. Waliomuaga walimfanyia chakula. Nidelvia alisimamishwa kazi miezi miwili, kwa sababu ya saini.

Katika miezi hiyo alishona nguo za watu, na hakuwa na wateja wengi. Siku moja Yaretzi, aliyekuwa sasa na miaka kumi na minne, aliingia na simu mkononi.

"Padrino ameniandikia. Anasema hana kinyongo, ila ulimharibia kazi ili upate alama nzuri kwenye stashahada yako."

Nidelvia aliweka sindano chini. Alikuwa ameapa hatamsema vibaya mtu yule mbele ya mtoto.

"Majibu ya kwanza aliyachukua Februari," alisema. "Mkutano ulikuwa Aprili. Mengine sikuambii, hesabu mwenyewe."

Msichana akahesabu kwa vidole. Alikuwepo siku ile ya mkutano, mbele kabisa, amevaa viatu vipya alivyonunuliwa na padrino. Jioni alikuwa amepewa maji yale kwenye kikombe chake, na mama amempigia makofi.

"Na mimi pia?" aliuliza mwishowe. "Alijua kuwa na mimi nitayanywa?"

"Ulikuwepo niliposema jioni nitakupa. Alisimama karibu yangu."

Yaretzi hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye ngazi, na mama yake alimwacha huko hadi mwenyewe alipotaka kula.

Desemba mtambo ulimrudisha kazini, kwa sababu mkemia mpya aliyeletwa kutoka mjini hakuweza kujua valvu ipi inafungua kisima kipi. Nidelvia alirudi bila shangwe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchora fomu upya, na kila Jumatatu aliandika namba zote kwa chaki kwenye ubao nje ya lango. Wengine walisimama wakasoma. Wengi walipita na madumu yao ya kununua. Doña Tránsito alimsalimia barabarani kwa kichwa tu, na tortilla zake alizipika kwa maji ya dumu.

Januari mkemia mpya alimwambia, katika mazungumzo tu, kwamba ule mtambo wa kusini utaanza kufanya kazi kabla ya Pasaka, nao ni wa ozoni, mita mia tatu kutoka ufukweni. Nidelvia aliipata namba ya simu ya maabara yao. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya ujana.

"Hunijui," alisema Nidelvia. "Napiga kutoka Estero Hondo. Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hamjafungulia watu maji, pimeni bromati. Usikubali kusaini fomu isiyo na mstari huo."

"Injinia ametuambia habari za huko," yule mwanamke alisema kwa adabu, kwa adabu mno. "Tutaangalia, mama. Asante kwa kupiga."

Siku mbili baadaye simu ya Nidelvia ilimulika jina ambalo hakuwa amelifuta. Aliitazama ikiita mara nne, akapokea.

"Komadre." Sauti ya injinia ilikuwa imechoka, na kwa kweli ilikuwa imeumia. "Umepiga simu kazini kwangu. Umemtisha msichana wa watu. Nilinyamaza ulipoondoka ukumbini ukiniacha na aibu. Nilinyamaza waliponihamisha. Nilikutoa kwenye ufagio, Nidelvia. Nilimshika binti yako juu ya maji ya ubatizo. Sikutegemea wewe, kati ya watu wote, unisaliti hivi."

Alimaanisha kila neno. Nidelvia alilisikia hilo, na hasira yake ikakosa pa kutua, kwa sababu yote ilikuwa imekusudiwa mtu aliyejua kwamba ametenda kosa.

"Umeyapima?" aliuliza.

"Nini?"

"Maji ya huko. Bromati. Umeipima?"

Upande wa pili alisikia nyundo za mafundi, na mtu akimwita injinia kwa mbali. Nidelvia hakuharakisha. Aliketi kwenye kigoda cha maabara akasubiri.

"Bado," alisema injinia.

"Basi sina maneno mengine na wewe mpaka uipime," alisema Nidelvia, akakata. Ilikuwa karibu saa nne, wakati wa kwenda kuchukua sampuli za kisima cha pili. Alivaa kofia ya jua, akachukua kikapu cha chupa, akatoka. Njiani aligundua kwamba analia, akaendelea kutembea, kwa kuwa sampuli ya saa nne huchukuliwa saa nne.